Datsun 240Z na Nissan Z mpya: kwa nini gari la spoti la zamani bado linamvuta dereva

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Mijadala yetu kuhusu magari ya spoti huishia karibu kila mara kwenye namba mbili, nguvu farasi na sekunde za kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, na kwa namba hizo gari lolote la miaka ya sitini au sabini limeshashindwa kabla halijawashwa. Naomba safari hii tuchukue gari moja ambalo jina lake lilijengwa katika barabara zetu wenyewe, Datsun 240Z (Datsun ni jina ambalo Nissan ililitumia kwa magari yake wakati ule), tulipime na mjukuu wake aliyeingia sokoni mwaka 2022, Nissan Z, ili tuone kwa nini watu wenye uwezo wa kununua jipya bado wanalitafuta lile la zamani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: gari la spoti la zamani linavuta kwa sababu linampa dereva kazi, linamjibu papo hapo kwa kila anachofanya, na linafanya hayo yote katika mwendo ambao barabara ya kawaida inauruhusu. Hata lingekuwa na sura mbaya, mvuto huo ungebaki.

Kwanza tuzimalize hizo namba. Gari hilo lilizinduliwa Japani mwezi Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z, na 240Z ilipofika Marekani iliuzwa kwa dola 3,526, chini sana ya bei za Jaguar na Porsche za wakati ule. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili, na nguvu farasi 151 kwa kipimo cha enzi hizo, ambacho kilikuwa cha ukarimu kuliko cha leo. Gari zima lina uzito wa kilo 1,050 hivi. Nissan Z ya leo ina injini ya V6 ya lita 3 yenye turbo mbili (vifaa vinavyosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu farasi 400, na uzito unaokaribia kilo 1,600. La zamani linahitaji kama sekunde nane kufika kilomita 100 kwa saa, wakati jipya halifikishi hata tano. Katika kusimama, kushika barabara wakati wa mvua na kumlinda mtu katika ajali, jipya linashinda kwa mbali, na sina haja ya kubishana juu ya hilo.

Kilo hizo zaidi ya 500 zilizoongezeka hazikuletwa na uzembe wa wahandisi. Kuna mifuko ya hewa, kuna vyuma vya kuimarisha milango dhidi ya ajali za ubavuni, kuna kifaa cha kusafisha moshi, kiyoyozi, vizuia kelele, na kompyuta pamoja na nyaya zake. Kisha uzito huzaa uzito, kwa maana gari likizidi kuwa zito huhitaji breki kubwa zaidi, breki hizo huhitaji ringi kubwa, ringi hizo huvishwa tairi pana, na ili kuyasukuma yote hayo inatafutwa injini yenye nguvu zaidi, ambayo nayo inadai rejeta kubwa na gia imara zaidi. Mwisho wa mlolongo huo unapata gari lenye uwezo mkubwa ajabu, lakini ambalo dereva amekaa mbali sana na barabara.

Sasa nije kwenye historia yetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kufikia miaka ya sabini zilikuwa zinakimbiwa kwa zaidi ya kilomita 5,000 wakati wa Pasaka, katika barabara ambazo hazikufungwa, ili dereva apishane na mabasi, malori, ng'ombe na matope kama msafiri mwingine yeyote. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z nyingine iliyoendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Waasia kufukuzwa na Idi Amin, alishinda na Lofty Drews katika gari la aina hiyo hiyo, baada ya kulingana alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine; ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Tuliosimuliwa na wazee wetu habari za magari hayo yakipita vijijini usiku na mataa yao manne mbele tunajua jina la Datsun lilipata heshima wapi.

Jambo ninalotaka mlitazame katika historia hiyo ni ukaribu uliokuwapo kati ya gari la mashindano na lile lililokuwa dukani. 240Z ya Herrmann ilikuwa imeimarishwa kila mahali, lakini bodi yake, mpangilio wa injini yake na namna magurudumu yake yalivyofungwa kwenye gari vilikuwa ni vile vile alivyouziwa raia. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia wa rali mwaka 2021, ikiwa imehamia zaidi upande wa Naivasha na katika barabara zilizofungwa, Toyota ilianza kushinda mwaka baada ya mwaka, na naipongeza kwa hilo. Hata hivyo, Yaris yake ya Rally1, daraja la juu la ubingwa huo, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imejengwa juu ya fremu ya mabomba ya chuma na haina mengi inayoshirikiana na Yaris anayoendesha mtu kwenda kazini. Zamani mtu aliyelipenda gari aliloliona likipita kijijini kwao aliweza kwenda kununua linalofanana nalo sana.

Tuingie ndani ya gari lenyewe, kwa sababu hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nimewahi kupewa 240Z ya rafiki niiendeshe katika barabara ya Arusha kwenda Namanga, na kilichobaki mikononi mwangu ni usukani. Hauna msaada wa pampu wala wa mota ya umeme. Kuna meno ya chuma tu kati ya mikono yako na magurudumu ya mbele. Gari likiwa limesimama ni mzito, likishaanza kwenda unakuwa mwepesi, na ukiingia kona unaanza kukaza taratibu kadiri tairi zinavyobeba mzigo. Tairi zikikaribia kuachia, uzito ule unapungua viganjani kabla gari halijateleza, na huo ndio ujumbe unaomwambia dereva apunguze. Ukipita kwenye lami iliyopasuka usukani unatetema, na unajifunza kuushika kwa kulegeza vidole, kwa kuwa anayeukaba anachoka bure.

Halafu kuna gia. Ukikaribia kona kali ukiwa gia ya nne na unataka kuingia ya tatu bila gari kushtuka, inabidi vidole vya mguu wa kulia viwe kwenye breki huku upande wa kisigino wa mguu huo huo ukigusa mafuta, ili mizunguko ya injini ipande kabla hujaachia klachi. Ukipatia, gia inaingia kama vile haikuwa na kazi, na injini ile ya silinda sita inabadilisha mngurumo wake bila mkatiko. Ukikosea, gari zima linakwambia kwa mshtuko kutoka magurudumu ya nyuma. Ni Nissan hiyo hiyo iliyoleta mwaka 2009, katika 370Z, mfumo wa kupandisha mizunguko wenyewe kila dereva anaposhusha gia za mkono, na Z ya leo inao pia. Mfumo huo haukosei, na unaweza kuuzima ukitaka. Lakini uwezo ambao zamani mtu aliutafuta kwa miezi sasa anaupata siku anapokabidhiwa ufunguo, na pamoja nao inapotea furaha ya kuupata.

Kuhusu mwendo, nitasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Kikomo katika maeneo ya makazi kwetu ni kilomita 50 kwa saa, na katika barabara kuu za Kenya gari dogo linaruhusiwa 110. Z mpya itavuka 110 kabla hujaimaliza gia ya tatu, na ikiwa katika mwendo huo bado inakuwa imetulia kama imelala. Ili ikuonyeshe ilichonacho ni lazima uende mwendo wa kupelekwa mahakamani, au uwe na uwanja wa mbio, ambao wengi wetu hatuna. 240Z kwa kilomita 80, katika barabara yenye kona za mlimani kama ile ya Lushoto, tayari imekushughulisha mikono, miguu, macho na masikio. Huo ndio utajiri ninaouzungumzia, na haupimwi kwa saa ya mkononi.

Hali si ya Nissan peke yake. Porsche 911 Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973 ilikuwa na nguvu farasi 210, na ile iliyopunguzwa vikorombwezo haikufika hata tani moja. 911 Carrera ya kizazi cha 992 ilikuja na nguvu farasi 385 na uzito wa kilo 1,500 hivi. Injini za 911 zilipozwa kwa hewa hadi mwaka 1998, na mwaka 2011 usukani wake ukaanza kusaidiwa na mota ya umeme, mabadiliko ambayo waliozoea ule wa zamani waliyalalamikia kwa miaka mingi. Björn Waldegård, bingwa wa kwanza wa dunia wa madereva wa rali mwaka 1979, alipata nafasi ya pili katika Safari ya 1974 akiwa na Porsche, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake. Porsche ilirudi mwaka 1978 na kuambulia nafasi ya pili na ya nne. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, Waldegård alishinda mbio za Safari za magari ya kale katika Porsche 911, mwanawe akiwa kiti cha pembeni. Mtu aliyekwisha kuendesha kila aina ya gari la kisasa alichagua kurudi Afrika Mashariki na gari la aina ile ile, na mimi nauchukua uamuzi wake kuwa ushahidi mzito.

Bei za minadani naziacha nje ya hoja hii. Ferrari 250 GTO, gari lililotengenezwa 36 tu, limeuzwa kwa zaidi ya dola milioni 48 mwaka 2018, na magari mengi ya bei hiyo hufungiwa kwenye maghala yenye kiyoyozi yasiendeshwe. Inanisikitisha, kwa kuwa lilijengwa kwa ajili ya mbio. Karibuni tujadili, hasa nyinyi mliowahi kushika usukani wa magari haya.

Mdau wa Dodoma

Mkuu, nimesoma hadi mwisho na nakushukuru kwa kazi uliyoifanya, ila kuna jambo umelipita kwa sentensi moja wakati linastahili uzi wake. Mimi ni muuguzi, na nimewapokea watu waliotolewa kwenye magari ya zamani baada ya ajali ambazo kwenye gari la kisasa mtu angetoka akitembea. Katika gari kama hilo unalolisifu, nguzo ya usukani iko mbele ya kifua, hakuna mfuko wa hewa, mlango ni bati mbili zenye nafasi katikati, na breki zikikaba tairi hakuna kitu cha kuziachia. Unasema dereva anafurahia kupewa kazi. Kazi hiyo anaifanya katika barabara moja na malori ya tani 30 na mabasi yanayopishana kwa kubahatisha, na kosa ambalo kwako ni mshtuko wa gia kwa mwingine ni mwisho wa maisha. Naipenda sura ya magari hayo kama wewe. Hata hivyo, naona tunapozungumzia mvuto wake ni lazima tuseme kwa uzito ule ule kwamba kompyuta zinazolalamikiwa ndizo zilizowaokoa watu wengi.

Mwanzisha uzi

Ndugu muuguzi, neno lako nalipokea kwa heshima, na kwa gari la kila siku, la kupeleka watoto shule na kusafiri usiku, hakuna anayepaswa kuchagua la mwaka 1971. Wanaoyatunza magari haya ninaowafahamu huyatoa asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, na wengi wamefunga mikanda ya pointi tatu mahali ambapo ilikuwa ya kiunoni tu, pamoja na tairi mpya za kisasa, ambazo peke yake hubadilisha sana namna gari linavyosimama. Nitaongeza hoja moja tu: anayeendesha gari lisilo na kinga huacha nafasi kubwa mbele yake, hutazama mbali na hapigi simu akiwa kwenye usukani, kwa kuwa gari lenyewe halimpi mkono wa ziada. Tabia hiyo ningependa kuiona hata kwa wenye magari mapya.

Mdau wa Nairobi

Nimekuwa fundi wa magari ya zamani karibu maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo nitazungumzia upande wa gereji, ambao mwanzisha uzi hakuugusa.

Kabureta mbili za 240Z kila moja inalisha silinda tatu, na zisipovuta hewa kwa kiasi kimoja injini inatetema gari likiwa limesimama na kuwa nzito likianza kuondoka. Mashine za kupimia zipo, lakini mzee aliyenifundisha alitumia kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono. Ncha moja unaiweka sikioni, nyingine unaipeleka kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, unasikiliza mluzi wa hewa, kisha unahamia ya nyuma. Unageuza skrubu robo mzunguko, unarudi kusikiliza, mpaka miluzi miwili iwe na sauti moja. Baada ya hapo unapiga magoti, unaingiza mkono chini ya kabureta na kutafuta nati ya kurekebisha mchanganyiko wa hewa na petroli: ukiipandisha petroli inapungua, ukiishusha inaongezeka. Injini ikikaa sawa unaisikia kabla mwenye gari hajaisikia, kwa sababu mizunguko inapanda yenyewe kidogo na mtetemo kwenye boneti unakufa.

Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko Mombasa. Gari lenye kabureta lililorekebishwa pwani likipanda huku linakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi, kwa hiyo mwenye kusafiri mara kwa mara anajifunza kuigeuza nati ile mwenyewe. Gari la kisasa linafanya marekebisho hayo kwa kihisio bila wewe kujua, na turbo inaziba sehemu kubwa ya upungufu wa hewa. Ni maendeleo ya kweli. Lakini kihisio au kompyuta yake ikiharibika, mimi mwenye uzoefu wote huu ninabadilisha kifaa kizima, na kama mtengenezaji ameacha kukitoa, gari lile limefika mwisho. 240Z ya miaka zaidi ya hamsini naitengeneza kwa spana, bisibisi na kipande cha mpira, na ninaamini mwanafunzi wangu ataitengeneza baada yangu.

Kwa wageni wa Nairobi wanaotaka kuyaona magari ya namna hii kwa macho, kuna mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na yameanza tangu mwaka 1970. Waamuzi huingia hadi chini ya gari, na nimewaona wamiliki wakifuta sehemu ya ndani ya ringi kwa mswaki asubuhi ile. Magari mengi mnayoyaona pale yaliingia nchini yakiwa mapya, kwa sababu sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane. Kwa hiyo yaliyobaki ni hayo hayo, na likifa moja hakuna la kuchukua nafasi yake kwa urahisi.

Mdau wa Birmingham, Uingereza

Naomba kumpinga mwanzisha uzi katika jambo moja la msingi. Umeiweka mipaka kati ya zamani na sasa, ilhali sifa zote ulizozitaja ni za gari jepesi. Huku ninakoishi naendesha Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2015. Ina kilo 1,000 na kidogo, gia sita za mkono, injini isiyo na turbo, na kwa kilomita 80 katika barabara za vijijini inanipa yale yote uliyoyaeleza kuhusu Lushoto, pamoja na mifuko ya hewa ambayo ndugu muuguzi anaidai. Alpine A110 iliyorudi mwaka 2017 ina kilo 1,100 hivi, ikiwa imefuata nyayo za ile iliyoipa Alpine taji la kwanza la dunia la watengenezaji katika rali mwaka 1973. Kuna pia Toyota GR86. Mazda wenyewe, walipoitoa MX-5 ya kwanza mwaka 1989, hawakuficha kwamba mfano wao ulikuwa magari madogo ya Uingereza kama Lotus Elan ya mwaka 1962, ambayo haikufika kilo 700. Kwa hiyo siri haikupotea. Iliachwa na watengenezaji wengi kwa sababu wanunuzi walidai nguvu farasi, na wachache waliendelea kuitunza.

Nikuulize pia: kama mimi nimefundishwa kubadilisha gia kwa kisigino katika gari la mwaka 2015, kuna kitu gani hasa ninachokikosa?

Mwanzisha uzi

Hoja yako ndugu wa Birmingham imeunoa uzi huu, na ninakubali kwamba uzito ndio mzizi. Ningepewa kuchagua kati ya MX-5 yako na Z mpya, ningechukua MX-5 bila kuuliza bei. Lakini kuhusu swali lako la mwisho, kuna vitu viwili.

La kwanza ni usukani. Katika gari lako kuna mota ya umeme inayosaidia mikono, nayo huchuja mengi ya yale yanayotoka kwenye tairi, hata kama wahandisi wamejitahidi kuiweka kwa ustadi. Mazda wameifanya vizuri kuliko wengi, lakini ukitoka kwenye usukani usio na msaada utahisi kwamba kuna mtu katikati ya mazungumzo.

La pili ni sauti. Katika 240Z unachokisikia ni hewa inayovutwa na kabureta futi chache mbele ya magoti yako, mnyororo wa injini, difu nyuma, na ekzosi. Kila sauti ina mahali inapotoka na ina maana yake. GR86 uliyoitaja huongezea sauti ya injini kwa spika zilizomo ndani ya gari, na BMW M5 ya mwaka 2011 ilishafanya hivyo kabla yake. Hyundai wamekwenda mbali zaidi: Ioniq 5 N ya mwaka 2023 ni gari la umeme lisilo na gia za kubadilisha, lakini kompyuta yake huigiza gia nane, hukata nguvu kidogo kila unapobadilisha, na kutoa mngurumo wa injini ambayo haipo. Waliolijaribu wanalisifu kwa kicheko cha furaha, na ninaamini sifa hizo ni za kweli. Nami naona kwamba kampuni yenye uwezo wa kujenga gari la nguvu farasi zaidi ya 600 isingehangaika kuigiza mapungufu ya injini ya petroli kama wanunuzi wake hawangekuwa wanayakosa.

Hata Gordon Murray, mhandisi aliyebuni gari la McLaren F1, alipoachiwa kujenga gari alilolitaka yeye, T.50, aliweka injini ya V12 isiyo na turbo, gia za mkono, na uzito chini ya tani moja. Bei yake inazidi pauni milioni mbili na yametengenezwa 100 tu ya barabarani, kwa hiyo kwetu sisi ni la kulisoma tu. Kabureta mbili na kilo 1,050 bado zinapatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Mdau wa Tanga

Wakuu, mimi swali langu ni la vitendo. Nimeonyeshwa 240Z moja huku kwetu, imekaa muda mrefu chini ya mwembe, injini inazunguka kwa mkono, na mwenye nayo anataka kuiuza. Kuingiza nyingine kutoka nje najua kunatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, ndiyo maana hii imenitia tamaa. Chumvi ya bahari ndiyo hofu yangu. Nianze kuangalia wapi kabla sijatoa hata shilingi?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Tanga, injini iache mwisho, kwa kuwa injini zile ni ngumu na spea zake bado zinatafutika. Kinachoziua 240Z ni kutu, hata zile ambazo hazikuwahi kuiona bahari. Nenda na tochi, bisibisi butu na mtu wa kukusaidia. Fungua boneti kwanza utazame chini ya sahani ya betri, kwa sababu asidi iliyomwagika miaka yote hiyo hula bati na kushuka hadi kwenye chesisi iliyo chini yake. Kisha nyanyua mazulia ya miguuni, pande zote mbili, ugongegonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Sauti ikiwa butu badala ya kulia, kuna kutu au kuna viraka vilivyofunikwa kwa lami.

Baada ya hapo lala chini ya gari ufuate mihimili miwili inayotoka mbele kupita chini ya sakafu. Katika 240Z mihimili hiyo ni ya bati jembamba na hujaa maji kwa ndani, kwa hiyo inaweza kuonekana mizima huku imebaki ganda. Pitisha mkono kwenye vizingiti chini ya milango na nyuma ya magurudumu ya nyuma, halafu fungua mlango wa buti uangalie ukingo wake wa chini na bati la taa. Milango ikifungwa kwa kunyanyuliwa, ujue bodi imeanza kulegea.

Ukikuta sakafu peke yake ndiyo imeliwa, fundi mzuri wa kuchomelea ataibadilisha na unaweza kuendelea na mazungumzo ya bei. Ukikuta mihimili yote miwili imekwisha pamoja na vizingiti, mpe mwenye gari bei ya injini, gia na vioo tu, na umwambie sababu. Piga picha za hizo sehemu uzilete hapa kabla hujalipa, na fundi wetu wa Nairobi naomba naye azitazame.